Bibi wa Nyuma ya Mlango

Tulikuwa tumemzika Mama Fideli jana yake hapo Rulenge, na asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, sahani ya ndizi na maharage mapajani, nikitafuta namna ya kuaga kabla mwanawe hajapata nafasi ya kuzungumza nami. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa sijamwona Fideli. Makaburini tulipeana mkono tu, akaniambia, "Dada Redempta, usiondoke, nina neno na wewe." Basi nikiwa pale nikasikia kinanda. Noti tatu, kimya, noti tatu tena. Noti hizo nilizijua, nikashika benchi. Kumbe ni binti wa Fideli, Anitha, yuko kidato cha tatu, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anacheza gemu kwenye simu.

"Shikamoo bibi," akasema bila kuinua macho.

"Marahaba. Bibi ni yule tuliyemzika jana. Mimi niite shangazi, na ukinisalimia unitazame."

Akacheka, akanitazama. Nikamwuliza gemu hiyo ameitoa wapi. "Ni ya baba. Ameitafuta miezi na miezi. Eti zamani watu walikuwa wanatoka mbio. Shangazi, kweli mlikuwa mnaogopa hiki kitu?" Akanigeuzia kioo, na hapo nikaliona lile jumba la ghorofa lililoachwa, yule kaka mwenye koti anayemtafuta mdogo wake, ile ngazi. Nilitegemea moyo urudi ulikokuwa. Haukurudi. Niliona mtu wa vipande vipande kama amejengwa kwa maboksi ya sabuni, anageuka polepole kama lori linalotafuta pa kuegesha, na zombi mmoja anakuja kwa mwendo wa mgeni aliyechelewa misa. Anitha akamkwepa huku anatafuna muhogo. Akanieleza kwamba mtandaoni kuna ubishi mkubwa kama gemu za kutisha za zamani bado zinafaa kwa mchezaji wa leo, akanionyesha na wabishi wenyewe: watu wazima wenye ndevu, wamekaa mbele ya kamera na vipaza sauti, wanapima hofu kwa alama kumi. Huyu anatoa saba. Yule anasema mwendo wa mhusika umezeeka lakini sauti bado ina nguvu. Hebu niondoleeni. Ndevu zote hizo, na kazi ya mtu ni kupima zombi kama muuza nyanya anavyopima fungu.

Na hao vijana wanaocheka nao siwaonei huruma. Mtoto anacheza akiwa na taa ya umeme juu ya kichwa, anasimamisha gemu akajibu ujumbe, akifa anarudi palepale alipofia, kisha anakuja kukuambia haitishi. Itakutisha vipi, mwanangu, na wewe umekaa kama unachambua mboga? Lakini wa kwanza kudharauliwa ni sisi tuliozeeka nazo. Kila nikikutana na mtu wa rika langu aliyepita Lusahunga anaanza: ah, zile gemu za zamani ndizo gemu, siku hizi hakuna kitu. Uongo mtupu. Gemu ile haikuwa inatisha hata siku ile ya kwanza. Mimi najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naitisha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo, na matokeo yalipotoka nikaendelea kusubiri tu, maana hayakuwa ya kumpeleka mtu popote. Nilikuwa nakaa kwa Shangazi pale Lusahunga njia panda, kwenye mgahawa wake wa madereva wa malori yanayokwenda Rusumo. Mgahawa ni neno la heshima. Palikuwa na meza nne, kalenda ya parokia, na jiko la nyuma lenye moshi ambao mpaka leo nikiunusa macho yananitoka machozi. Ukuta wa jiko ulikuwa wa bati, na upande wa pili wa bati hilo kijana mmoja kutoka Biharamulo mjini, aliyejiita Bosi na tukamwacha ajiite, alifungua kibanda cha gemu. Alikuwa na televisheni moja ya chogo, mashine moja ya gemu, padi mbili zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, na blanketi la kijivu mlangoni badala ya pazia. Umeme wa jenereta. Bosi hakuwa na kadi ya kuhifadhi mchezo, na bila kadi ukizima mashine kila kitu kinafutika, unaanza upya pale getini. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa tulianza upya na kujaribu kupita tulipoishia wiki iliyopita, na tulicheza tukijua jenereta ikikohoa tu, kazi ya mchana mzima imekwenda. Hapo ndipo palipokuwa na hofu ya kweli. Wavulana ishirini kwenye chumba cha kulaza mbuzi watano, jasho, dizeli, na wote wanasikiliza jenereta kuliko wanavyomsikiliza zombi.

Mchezaji alikuwa Fideli, mwana wa mpishi wetu. Wengine walikuwa wanapiga vitufe kama wanaua kunguni, lakini Fideli alikuwa na mikono ya utulivu, miaka kumi na mitano, mwembamba, hasemi. Tatizo lilikuwa moja: gemu ilikuwa ya Kiingereza. Kila chumba kina barua mezani, kila barua ina siri ya kufungulia mlango fulani, na wale mabwana wote hakuna aliyejua zaidi ya neno la kumsalimia mwalimu. Bosi akapitia jikoni kuniomba. Hapo mkoani kwetu Kiswahili chenyewe watu wengi walikikuta shuleni, sembuse Kiingereza, na mimi nilikuwa binti wa shule za misheni. Nikakalishwa kwenye stuli ya mbele, msichana pekee, naitwa Mwalimu. Loo, nilivyovimba kichwa! Na Kiingereza chenyewe nilikuwa sikijui. Nilikuwa naona neno ufunguo, naona neno mlango, naona usithubutu, na hayo mengine najaza mwenyewe. Nilikuwa nikisoma kwa sauti nzito, nikinyamaza katikati, nikimtazama mmoja machoni. Kumbe walichokuwa wanakifuata ni hicho. Jumapili ya tatu walikuwa wakifika mbele ya barua wanasema, "Nyamazeni, Mwalimu anasoma," na zombi wa watu anasubiri.

Wiki zikapita, hadithi zikaanza kuniishia. Nilishatia majini, nilishatia mchawi, na wavulana wakaanza kupiga miayo. Mmoja akasema barua za wiki hii hazina chumvi. Niliumia kama nimetukaniwa mzazi.

Sasa hapo naomba niseme juu ya jiko. Mama Fideli na Shangazi walikuwa wakikaa kila alasiri wanachambua maharage kwenye ungo, na walipozoeana wakaacha Kiswahili, kila mmoja akasema chake: Shangazi Kihangaza, mwenzake Kirundi, wakaelewana kama ndugu. Mimi nilikuwa natumwa nje kumenya ndizi, lakini ukuta wa bati hausetiri kitu. Alasiri moja Mama Fideli alisema jambo ambalo, alivyoanza, nilijua halijawahi kusemwa. Alisema siku ya kukimbia vita kwao Burundi mume wake alikuwa hajarudi tangu juzi yake, na mama mkwe alikuwa kitandani, miguu imekufa, hawezi hata kukaa. Yeye alikuwa na Fideli mgongoni. Majirani wameshaondoka. "Nikamwambia, Mama, naenda kuchota maji, narudi. Nikafunga mlango kwa nje, nikaegemeza gogo, ili wakipita wadhani hamna mtu. Nilikuwa nimeshapiga hatua, nikamsikia anaita kutoka ndani, bila kelele: Mwanangu, mtungi umeusahau." Shangazi akasema kwa Kihangaza, "Mawe!", kama kusema mama yangu. Mama Fideli akasema, "Mtungi ulikuwa pale mlangoni. Niliuona. Nikaenda." Nilibaki na kisu mkononi na ndizi nusu imemenywa. Na nitasema ukweli, kwa kuwa nimechoka kuutunza: sikulia. Nilichofikiri ni kwamba hii, sasa hii, watanyamaza.

Jumapili iliyofuata Fideli akafika kwenye ukumbi wa juu wa lile jumba. Kuna mlango umefungwa, na mezani kuna barua. Nikaisogelea televisheni. Nikasoma kwamba barua imeandikwa na mwanamke aliyekimbia. Nikasoma kwamba nyuma ya mlango huu kuna bibi kizee asiyeweza kutembea. Nikasoma, "Naenda kuchota maji, narudi." Nikanyamaza, nikamgeukia kijana mmoja, nikamwambia polepole kwamba bibi akajibu kutoka ndani: Mwanangu, mtungi umeusahau. Kijana wa watu, fundi baiskeli mwenye ndevu zake, akainuka, akasogeza blanketi la mlangoni, akatoka nje. Fideli aliweka padi chini. "Afunguliwe," akasema. "Dada, soma, anafunguliwaje?" Nikamwambia ufunguo uko mbele. Kabla hajafika mbele jenereta ikakata, na mimi nikatoka pale najiona mtu mkubwa.

Fideli hakujua kitu. Alikuwa ameambiwa bibi yake alikufa kwa homa kabla yeye hajazaliwa. Jioni, wanakula, akamsimulia mama yake gemu ilipofikia, kama mtoto yeyote anavyosimulia, na Jumatatu asubuhi Mama Fideli akaingia jikoni kabla ya chai. Nilikuwa naosha vikombe, hatua tatu kutoka alipokuwa. Akamshika Shangazi mikono yote miwili.

"Dada, yale niliyokuambia, umemwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu."

"Apa."

"Mbele ya Bikira Maria sijafungua mdomo. Mama Fideli, kuna nini?"

Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka uso wa Mama Fideli ulivyobadilika na kila mara nashindwa kuutazama mpaka mwisho. Alitarajia Shangazi aseme nisamehe. Shangazi alipoapa, na ilikuwa kweli tupu, yule mama alikaa juu ya gunia la mkaa akaanza kucheka na kulia pamoja. "Basi yu hai," akasema. "Maneno ya mtungi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Kama si mimi niliyesema, na si wewe, ni yeye. Walimfungulia! Alisimulia, watu wakaandika, mpaka yamefika kwenye mashine za Wazungu." Shangazi hakuelewa hata nusu, akawa anamfuta machozi kwa khanga. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa neno moja: ni mimi. Silabi ngapi hizo? Niliogopa Shangazi atanirudisha nyumbani, niliogopa wavulana watajua Mwalimu hajui Kiingereza. Ndiyo, hicho ndicho nilichokiweka upande wa pili wa mizani. Nikasuuza kikombe, nikachukua kingine.

Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamehama. Walisogea huku Ngara, karibu na mpaka, kisha hapa Rulenge. Nilisikia kwa wapita njia kwamba yule mpishi wetu kila akipata nauli anavuka kwenda Burundi, anazunguka vilima na masoko akimwulizia bikizee fulani. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza cha mwenzangu. Kibandani nilisoma barua mbili tatu zaidi, hazikuwa na ladha, Bosi akaleta gemu ya mpira na hakuna tena aliyehitaji msomaji. Shangazi alikufa akijua rafiki yake alichanganyikiwa tu kidogo. Hiyo ndiyo enzi ya dhahabu ambayo wenzangu wanaililia mtandaoni.

Fideli alinikuta bado nimeshika sahani. Alikuwa amenyoa kichwa, amevaa shati lilelile la mazishi, na ule utulivu wa mikono anao bado. Akamwambia Anitha aende akaangalie chai, akakaa pembeni yangu, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Alitazama ile sahani na hakubisha.

"Dada, unakumbuka barua ya mtungi?"

"Nakumbuka."

"Mama hakuwahi kuniacha niisahau. Kila akirudi kutoka ng'ambo, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, ananiuliza: yule bibi wa kwenye gemu, alifunguliwa na nani? Nikimwambia mama ile ni gemu tu, ananitazama kama mimi ndiye mtoto. Mwaka huu alipolala kitandani hawezi kuinuka, alikuwa anauliza kila siku. Nikaapa nitaitafuta niimalize, nimjibu." Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Nimeipata. Anitha anajua Kiingereza cha kweli, amenisomea barua zote. Ile ya ukumbi wa juu ni ya mtunza bustani. Anasema amepoteza ufunguo wa stoo. Basi. Nikaufungua mlango, ndani kuna madebe na ngazi ya mbao. Hakuna bibi kwenye gemu nzima."

Kuku wa watu alikuwa anadonoa maharage yaliyoniangukia miguuni.

"Nikaenda kitandani kwa mama nikamdanganya," akasema. "Nikamwambia alifunguliwa. Akauliza, na nani? Nikasema, na mtoto aliyekuwa anapita. Akasema, 'Haya.' Kesho yake akafa. Sasa wewe niambie, Dada. Sikuulizi kwa ugomvi. Yale maneno uliyatoa wapi?"

Nikamwambia. Yote, kama nilivyoyasema hapa, na mengine ambayo hapa nimeyapunguza: bati, gogo, yeye mgongoni, mtungi, kiapo cha Shangazi, kikombe. Nilimwambia mama yake alitembea vilima vyote vile kwa sababu binti mmoja wa Lusahunga alitaka wavulana wanyamaze. Nilitegemea anipige, na ningemshukuru. Alikaa ameinamisha kichwa, na watu wakapita mbele yetu na masufuria, wakatuacha kwa kudhani tunamlilia marehemu. Mwisho akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa na kalamu ya wino.

"Paroko anataka majina ya marehemu wa kuombewa," akasema. "La mama nimeandika, na la baba. Nataka na la huyo bibi, sasa kwa kuwa najua. Lakini mama hajawahi kumtaja mbele yangu. Kwetu mke hamtaji mkwe kwa jina, ni mwiko. Alikuwa akisema tu mama wa baba yako. Na kote alikopita akiulizia alikuwa anasema hivyohivyo, mama wa fulani. Watu wa ukoo wa baba hakuna aliyebaki." Akanitazama. "Siku ile jikoni, alimtaja?"

Alimtaja. Mara moja, mwishoni kabisa, baada ya mtungi. Alivunja mwiko akamwita yule mama kwa jina lake, na Shangazi alishtuka mpaka ungo ukamponyoka na maharage yakamwagika sakafuni. Niliyasikia maharage yakimwagika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bati, sikio limegusa ukuta, na nilisikia kila kitu.

"Alimtaja," nikasema.

Akaikunjua karatasi juu ya goti, akashika kalamu. "Niambie, Dada. Naandika."

Lakini jina lenyewe siku ile sikulishika kichwani. Lilikuwa jina tu, halikuwa na kitu cha kutisha.